Mtu Aliyefupika Kila Mwaka

Vijana, mtu akiwaambia kwamba mtihani wake ni wa haki, msibishane naye. Mwombeni awaonyeshe mahali anapoufanyia, kisha mwageni maji sakafuni muone yanakwenda wapi.

Nawaandikia ninyi mnaoketi sasa katika ofisi za kuajiri watu, mnaotunga maswali, kupanga mbio na kupima vifua. Kazi hiyo niliifanya hadi nikastaafu, na niliianzia katika kituo kimoja cha zimamoto katikati ya Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kituo sitakitaja. Wengi nitawaita kwa majina yao ya utani, na kabila la mtu yeyote sitalisema. Najua mtajaribu kukisia. Mkijikuta mnakisia, msione haya. Angalieni tu jinsi fikira hiyo inavyokuja upesi, hata kabla hamjaiita. Hilo ndilo tatizo zima la kazi yetu.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada na mdomo. Shahada ilinipa kazi, mdomo nusura uniondoe. Nilikaa kwa shangazi yangu kule Woodley, na jioni ya siku yangu ya kwanza aliniuliza nimepewa kazi gani hasa. Nikamwambia nitasaidia kupima vijana wanaotaka kuwa wazimamoto.

"Kupima nini?"

"Urefu, kifua, mbio, nguvu."

Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo tumekusomesha miaka hiyo yote ukapime wanaume."

Ofisini niliwekwa chini ya Bwana Desai, karani mkuu wa uajiri, mtu wa Parklands, mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika vizuri. Aliniita beta, kama alivyomwita mtoto yeyote nyumbani kwake. Wiki ya kwanza niliuliza maswali mengi mpaka akafungua dirisha apate hewa.

"Beta, wewe unauliza 'kwa nini' kama mtoto wa miaka tatu. Mimi sikatazi. Lakini 'kwa nini' inafanya wakubwa wanakasirika. Wewe uliza hivi: siku gani kazini huyu mtu atafanya hii? Hiyo hawawezi kukasirika. Hiyo ni swali ya kazi."

Kama mtasahau mengine yote niliyoandika hapa, bakini na hilo. Nimelitumia kwa zimamoto, kwa polisi, kwa walinzi wa bohari, na mara moja kwa mchungaji aliyetaka kuajiri mpiga kinanda kwa kumfanyisha mtihani wa hesabu.

Mara ya kwanza nilipolitumia ilikuwa kuhusu imla. Wakati ule kila aliyetaka kuwa mzimamoto alisomewa kifungu cha Kiingereza akiandike bila kosa. Kifungu chenyewe kilirithiwa kutoka kwa wakoloni na kilihusu ghala la nyasi kavu lililoungua katika kijiji chenye theluji. Vijana waliosoma shule nzuri waliandika theluji vizuri sana. Waliobaki walirudi nyumbani.

Nikamuuliza msimamizi wa mafunzo siku gani kazini mtu ataandika theluji. Msimamizi huyu aliitwa Afande Ngazi, kwa sababu aliipenda ngazi ya gari kuliko watu, na alikuwa mtu wa kujivunia: kofia imenyooka, buti zinang'aa, mgongo kama mlingoti.

"Si kuandika, madam," akasema. "Ni amri. Amri zetu ni za Kiingereza. Mtu asiyejua Kiingereza ataungua akisubiri tafsiri."

Jibu lilikuwa zuri, nami nikanyamaza. Lakini sikuzoea kunyamaza kwa muda mrefu, kwa hiyo moto ulipotokea mchana mmoja katika duka la magodoro karibu na River Road, niliomba nipande gari la nyuma nikaone. Nilisimama ng'ambo ya barabara na kitambaa puani. Afande Ngazi alikuwa mbele, na sauti yake ilisikika mtaa mzima.

"Fungua maji! Fungua, bwana! Punguza! Nani amekanyaga mpira? Wewe, toa mguu, ama nitaikata!"

Hakuna neno la Kiingereza lililotoka mpaka moto ulipozimika, alipomwambia mwenye duka "sori". Tuliporudi sikumkumbusha lolote. Niliandika tu amri zote nilizozisikia, nikampelekea, nikamwomba asahihishe niliposikia vibaya. Alisoma, akanitazama, akasoma tena. Imla ikafa kimyakimya.

Msifikiri alikuwa mtu mbaya. Katika kazi hii, ukimtafuta mtu mbaya utazeeka ukitafuta. Afande Ngazi alikuwa akiamini kwa moyo wake wote kwamba anachagua walio bora. Ilitokea tu kwamba walio bora walifanana sana na watu anaowajua.

Angalieni mahojiano yake. Wahojaji walikuwa watatu, naye ndiye mwenyekiti. Swali la kwanza lilikuwa daima, "Nyumbani ni wapi?" Nikauliza swali la Bwana Desai, na wakakubali kuliacha hilo la nyumbani. Mwaka uliofuata wakaanza kuuliza, "Unapenda kula nini?" Kijana anajibu, "Ugali." Wanasogea mbele. "Ugali na nini?" Sasa hapo, katika nchi hii, ukijibu samaki au maziwa au maharagwe, umekwisha kutaja jina la babu yako. Nikaliondoa. Wakaja na lingine: "Ukienda likizo unapandia basi wapi?" Nikaliondoa nalo. Mmoja wao akaniuliza kwa uchungu wa kweli, "Sasa madam, tutaanza mazungumzo na mtu vipi?"

"Mwambieni, 'Habari yako, keti.'"

"Halafu?"

"Halafu msomeeni maswali yaliyo kwenye kadi, yaleyale kwa kila mtu."

Walisoma kadi kama watu wanaosoma hukumu. Lakini walisoma.

Na sasa nimfikie Mabega, maana ni kwa ajili yake nimekaa chini kuandika.

Mabega alikuwa mchukuzi wa nyama katika machinjio ya Dagoretti. Jina lilimfaa: mabega yake yalikuwa mapana kama meza, kwa sababu kila siku alibeba nusu ya ng'ombe kutoka kwenye kulabu hadi kwenye magari ya wauza nyama. Alikuja ofisini kwetu asubuhi moja akiwa amevaa koti la kuazima, akasimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Dada, mimi sikuja kuomba kazi."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuuliza. Mara ya kwanza nilipimwa hapa, wakasema nimekosa inchi moja. Mwaka ile ingine nikarudi, wakasema nimekosa inchi mbili. Juzi wamenipima tena, wanasema karibu tatu." Akashusha sauti. "Mimi napungua, ama?"

Bwana Desai alikohoa ndani ya chai yake. Mimi sikucheka, kwa sababu uso wa mtu yule haukuwa wa mzaha.

"Huko kazini wananiambia ni mizigo inanigandamiza," akaendelea. "Mama watoto anasema niache kubeba. Lakini nikiacha tutakula nini? Na zimamoto, wanasema ukipita umri fulani hawakuchukui. Mimi nafika huo umri baada ya kuandikwa kunakokuja. Nimebakisha mara moja tu."

"Kwa nini unataka zimamoto? Machinjioni huna kazi?"

Alifikiri. "Jirani yetu aliunguliwa na nyumba. Watu wote tulisimama, tunapiga kelele. Mimi nina hii nguvu yote, nimesimama, napiga kelele kama mtoto. Halafu gari ikakuja, watu wanne wakashuka, hawakupiga kelele. Nikasema hawa wanajua kitu."

Nilimwambia nitachunguza. Sikumwahidi lolote, ila nilijua tayari kwamba kama mtu huyu angezeeka machinjioni kwa sababu amefupika inchi mbili katika miaka michache, basi shahada yangu ingefaa kufungia nyama.

Nilikwenda kituoni kuona jinsi urefu unavyopimwa. Hapakuwa na siri. Gereji ya magari ilikuwa ndefu, na ukutani kulipigwa mstari mweupe kutoka nyuma kabisa hadi mlangoni, umenyooka vizuri, ukifuata mawe ya ukuta. Siku ya kupima, vijana walipangwa kando ya ukuta huo, migongo kwenye mawe, na Afande Ngazi alipita na kijiti akitazama vichwa. Aliyeufikia mstari amepita. Aliyekuwa chini ya mstari, kijiti kilisema amekosa kiasi gani. Mtu mmoja aliweza kupima umati mzima kabla ya chai. Nilitazama, nikaona ni mpango mzuri, nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango kunywa soda.

Wazimamoto walikuwa wanaosha gari kule nyuma. Maji yakaja taratibu kando ya ukuta, yakapita vijiti na majani, yakaingia katika viatu vyangu vipya.

Kila gereji ya zimamoto imejengwa hivyo, vijana. Sakafu huinama kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke. Nyuma sakafu iko juu, mlangoni iko chini. Lakini mstari wa ukutani haukuinama. Kwa hiyo kijana aliyesimama nyuma alikuwa karibu na mstari, na aliyesimama mlangoni alikuwa mbali nao. Kituo kizima kiliosha magari kwenye sakafu hiyo kila siku na hakuna aliyewahi kuyaunganisha mambo mawili.

Nikauliza, nani husimama nyuma? Jibu lilikuwa rahisi. Aliye na ndugu au rafiki kituoni alifika mapema, akaingia kupitia jikoni, akapewa chai, akajikuta nyuma. Asiye na mtu alisubiri nje hadi mlango ufunguliwe, akajipanga palipobaki.

Na Mabega?

"Yule wa machinjio?" mzimamoto mmoja akaniambia. "Yule ni mtu mzuri, lakini ananuka damu. Mara ya kwanza alikuwa katikati, wenzake wakalalamika. Halafu wakawa wanamsukuma tu. Juzi tulimwambia asimame mlangoni kabisa, upepo umpige."

Nilirudi ofisini na viatu vyenye maji nikamsimulia Bwana Desai. Safari hii hakukohoa. Aliweka kichwa juu ya meza, mabega yakatikisika, na nilidhani analia mpaka aliponyanyua uso.

"Beta," akasema akijifuta macho, "usiandike ripoti. Ripoti watasoma, wataweka kwa kabati. Wewe leta Mkuu aone kwa macho yake."

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa maneno machache, na alikubali kuja kwa sababu Bwana Desai alimwambia kutakuwa na maandazi. Mabega naye aliitwa. Alifika ameoga mpaka ngozi imekwaruzika. Nikamwomba asimame mlangoni, mgongo ukutani. Mstari ulikuwa juu kabisa ya kichwa chake.

"Sasa tembea kuelekea nyuma," nikamwambia, "polepole, usiache ukuta."

Akaanza kutembea kando kando kama kaa. Na mbele ya macho yetu sote mtu yule akaanza kurefuka. Katikati ya gereji mstari ulibaki inchi moja tu juu ya kichwa chake. Alipofika nyuma kabisa, ulipita sawasawa juu ya utosi wake. Wazimamoto waliokuwa kwenye benchi walisimama. Mabega aligeuka akautazama ukuta, kisha miguu yake, kisha mimi.

"Kumbe sipungui," akasema.

"Hupungui."

"Mama watoto atafurahi."

Afande Ngazi hakufurahi. Alisema huo ni mchezo wa macho, kwamba mtu mfupi ni mfupi popote asimamapo, na mzimamoto wa kweli hawezi kuhangaishwa na sakafu. Kuthibitisha hilo, alivua kofia yake iliyonyooka, akaenda nyuma mwenyewe, akaegemea ukuta. Utosi wake ulifika kwenye mstari barabara. Akatutazama kwa ushindi. Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni, kifua mbele.

Kufika katikati alikuwa amekosa inchi moja. Aliendelea, maana hakuweza kuona kichwa chake mwenyewe. Kufika mlangoni, mstari ulikuwa umemwacha kabisa. Aliona nyuso zetu, akaweka kiganja juu ya kichwa, akakitelezesha hadi ukutani, na akakuta kiganja kimegota kwenye jiwe tupu, mstari uko juu.

"Mwaka ulipoandikwa kazi, ulisimama wapi?" Mkuu akamuuliza.

Afande alirudisha kofia kichwani. "Nyuma, bwana. Mjomba wangu alikuwa dereva."

"Na miaka yote hii, kazi gani umeshindwa kufanya kwa sababu ya urefu?"

"Hakuna, bwana."

"Haya," Mkuu akasema, akachukua andazi. "Futeni mstari."

Kufuta mstari ni rahisi. Swali ni utaweka nini mahali pake, na hapo ndipo wengi wenu mnakosea: mnaondoa kilicho kibaya, halafu mnaacha shimo, na kujuana kunaingia kupitia shimo hilo. Tuliuliza wazimamoto urefu ulikuwa wa kazi gani. Walisema, kushusha mpira wa maji uliokunjwa kutoka rafu ya juu ya gari. Basi, tukasema, kila mtu aje ashushe mpira huo. Akitumia mikono, akipanda kwenye gurudumu, ni shauri lake, mradi aushushe upesi bila kuuangusha.

Afande Ngazi, na hili nalisema kwa heshima yake, alibadilika kuanzia siku ile. Hakuwa mnyenyekevu, alikuwa mbishi tu wa upande mwingine. Alianza kuuliza maswali kuliko mimi. Ni yeye aliyegundua kwamba buti za kupandia ngazi zilikuwa za saizi kubwa tu, na wenye miguu midogo walipanda kama bata. Ni yeye aliyesema tuwape wote chai na mkate kabla ya mbio, maana wengine walitoka mbali bila kula na sisi tulikuwa tunapima njaa.

Afande nami tuligombana tena mara moja tu. Mabega alikuja kuniona tena siku za mtihani zilipokaribia. Alijua sasa hakuna mstari, ila kulikuwa na chumba cha moshi, na hicho alikiogopa.

"Dada, wewe unajua wataniuliza nini huko. Nipe basi kasiri kamoja tu."

Siri nilikuwa naijua. Ndani ya chumba tulichoma nyasi mbichi kwenye pipa, na sakafuni tulilaza gunia la mchanga lililovikwa ovaroli, ambalo wazimamoto waliliita Marehemu. Mtu aingie, ampate Marehemu gizani, amtoe kabla filimbi haijapigwa. Siri ilikuwa kutambaa chini kabisa na kutoacha mkono ukutani. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu. Na nilimpenda mtu yule, wala sifichi. Nilitaka apite kuliko nilivyotaka mshahara. Lakini mjomba wa Afande Ngazi naye alikuwa amempenda mpwa wake.

"Nikikuambia wewe," nikamjibu, "lazima niwaambie wote."

"Basi waambie wote," akasema, kama mtu anayeshangaa ugumu uko wapi.

Nikaenda kwa Afande Ngazi nikamwambia tubandike majaribio yote nje ya lango, kwa Kiswahili, pamoja na jinsi ya kuyafanya.

"Madam, lakini watajifunza."

"Ndiyo."

"Sasa huo si mtihani tena. Mtu atakuja akiwa anajua."

"Afande, wewe ukiwa ndani ya nyumba inayoungua, ungependa aje aliyejifunza au asiyejifunza?"

Alizunguka gari mara moja, akarudi. "Bandika," akasema. "Lakini andika kwa herufi kubwa."

Nilisikia baadaye kwamba Dagoretti nzima ilimfanyisha Mabega mazoezi. Walimfunga macho kwa kitambaa, wakamtuma atambae kati ya nyama zilizoning'inia akamtafute mwenzao aliyelala sakafuni. Mara mbili alirudi na mbuzi.

Siku ya mtihani kila kijana alivaa gunia la sukari lenye nambari kifuani, na majina yalibaki ofisini kwa Bwana Desai. Amri zilitolewa kwa filimbi na kwa mkono, ili mtu asihukumiwe kwa anavyotamka. Wapimaji watatu walisimama mbalimbali na hawakuruhusiwa kuongea mpaka waweke alama zao mezani. Bila shaka wote walimjua Mabega. Gunia halifichi mabega kama yale, na upepo ulikuwa unavuma upande wetu. Hivyo ndivyo ilivyo: utaziba matundu yote na moja litabaki. Ndiyo maana wapimaji wanakuwa watatu.

Mpira aliushusha kama anayeondoa kofia msumarini. Habari za kubeba sitazisema, ingekuwa kumdharau. Kwenye ngazi alikuwa wa kawaida. Mizigo yake yote alizoea kuibeba chini. Kisha ikaja zamu yake ya moshi.

Filimbi ya kumaliza ilikuwa mdomoni mwangu. Aliingia kwa tumbo, na moshi ukafunga nyuma yake. Waliomtangulia wote walikuwa wametoka mapema. Yeye hakutoka. Niliitazama saa, nikautazama mlango. Ningechelewesha filimbi kidogo tu, nani angejua? Afande Ngazi alisogea hatua moja kuelekea mlangoni, uso umekazana, akasimama. Hakunitazama. Nadhani alijua ninachofikiri, kwa sababu na yeye alikuwa anakifikiri. Nikavuta pumzi nipige.

Kwanza zilitoka buti. Alikuwa anarudi kinyumenyume, amelala, mkono mmoja ukutani, mkono mwingine umeshika kola ya Marehemu. Alipofika kwenye jua aliligeuza gunia lile taratibu, kichwa juu, kama mtu anayestahili heshima, ndipo akakohoa. Nikapiga filimbi. Alikuwa ameshatoka.

Baadaye nilimuuliza kilichomchelewesha. Alisema alianza na mkono usio sahihi, akauzunguka ukuta wote. "Lakini sikuuacha," akasema.

Wapimaji walipoweka alama zao mezani, zilikaribiana sana, jambo ambalo Bwana Desai alisema hajaliona tangu aanze kazi. Mabega alipita. Hakuwa wa kwanza, alikuwa karibu na mwisho wa waliochukuliwa, kwa sababu ya ile ngazi na ule ukuta.

Alikuja ofisini siku iliyofuata, safari hii bila koti.

"Dada, nataka uniambie ukweli. Ulinisaidia?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata kwa filimbi?"

"Hata kwa filimbi."

Alicheka peke yake kwa muda. Kisha akakunja uso. "Huko kwetu hawaamini. Wote wanauliza, nani alikuingiza? Nikisema hakuna, wanasema naficha mtu wangu. Twende ukawaambie."

Ndiyo sababu Jumamosi moja nilijikuta machinjioni Dagoretti, nimevaa vile viatu vya gereji ambavyo havijawahi kupona, nikiwahutubia wachukuzi na wauza nyama kwamba sikumsaidia mwenzao. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja muuza matumbo, aliyeonekana kuwa msemaji wao, aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Tumeelewa, dada," akasema, na akafumba jicho moja. "Hukusaidia. Sisi hatutasema kitu." Akanipa furushi la maini lililofungwa kwa karatasi. "Na hii si asante. Ni ya bure tu."

"Mzee, nikichukua hii nitakuwa nimesema nilimsaidia."

"Usipochukua utakuwa umetudharau."

Nilitazama furushi. Damu ilikuwa imeanza kupita kwenye karatasi. Mabega alinyoosha mkono, akalichukua, akalirudisha juu ya meza ya mzee.

"Huyu alinipima tu," akawaambia. "Nilitambaa mimi. Mlinifunga macho ninyi. Sasa mnamshukuru huyu kwa nini?"

Wengine walianza kutazamana, maana ilikuwa kweli, walimfunga macho wao. Kijana mmoja mrefu aliyekuwa amekaa kwenye pipa akauliza, "Kwa hiyo pale hakuna mtu wa kuona kwanza?"

"Hakuna," Mabega akamjibu.

"Na mtihani umebandikwa langoni, mtu yeyote anasoma?"

"Imebandikwa. Herufi kubwa."

Mzee alisema mji huu haujawahi kuwa hivyo, na mimi niliwaza hivyohivyo. Nikaaga, nikaenda kupanda basi.

Uandikishaji mwingine ulipofunguliwa, Bwana Desai aliniita dirishani. Nje ya ofisi walikuwa wamesimama wachukuzi saba wa nyama, wameoga, wamechana nywele, na upepo ukija upande wetu. Yule mrefu alikuwa mbele. Niliwafungulia mlango, akavua kofia.

"Dada," akasema, "hapa hatuna mtu, na tumesikia hahitajiki. Tumekuja."